Matthew Flinders, Nahodha Aliyeizunguka Australia

Ukitazama ramani ya dunia iliyotundikwa ukutani darasani, utaona upande wa kulia, chini kabisa, nchi kubwa iliyozungukwa na bahari pande zote. Nchi hiyo ni Australia. Kila mmoja wetu amekwisha kuichora katika daftari lake la jiografia, pengine kwa haraka tu ili apate alama zake. Lakini wachache wanajua kwamba palikuwa na mtu aliyeufuata ufuko ule siku baada ya siku, akipima na kuandika, na kwamba kazi hiyo ilimla ujana wake, afya yake, na zaidi ya miaka sita ya kuzuiliwa ugenini. Mtu huyo ni Matthew Flinders, afisa wa manowari za Uingereza. Nitawasimulia maisha yake, mema yake na makosa yake, kwa maana yote mawili yana mafunzo kwetu.

Flinders alizaliwa tarehe 16 Machi 1774 katika kijiji cha Donington, wilaya ya Lincolnshire, Uingereza. Baba yake alikuwa mganga, naye alitumaini kwamba mwanawe angeishika kazi hiyo hiyo. Lakini kijana alikisoma kitabu cha Robinson Crusoe, na tangu siku hiyo moyo wake ulikuwa baharini. Alijifundisha mwenyewe hesabu na elimu ya uanamaji kutoka vitabuni, akaingia katika jeshi la maji akiwa na umri wa miaka 15. Mwaka 1791 alisafiri na Nahodha William Bligh kwenda Tahiti kuchukua miche ya mishelisheli ili ipandwe katika visiwa vya West Indies. Katika safari hiyo alijifunza kuchora ramani za bahari. Mwaka 1794 alikuwamo katika vita vikubwa vya baharini kati ya Waingereza na Wafaransa, akaona jinsi mizinga inavyovunja merikebu na watu. Lakini yeye hakuipenda sifa ya vita kama alivyoipenda sifa ya kugundua.

Nafasi yake ikaja mwaka 1795. Wakati huo koloni la Waingereza huko Sydney lilikuwa bado changa, kwani lilianzishwa mwaka 1788 na merikebu 11 zilizoleta wafungwa kutoka Uingereza. Gavana mpya, John Hunter, alipelekwa huko katika merikebu ya Reliance, na Flinders alikuwa mmoja wa maafisa wake. Humo alifanya urafiki na mganga wa merikebu, George Bass, ambaye naye alikuwa na hamu ya kuzijua nchi zisizojulikana kwao. Katika merikebu hiyo hiyo alikuwamo Bennelong, mwenyeji wa Sydney, aliyekuwa akirudi kwao baada ya kukaa Uingereza.

Walipofika, vijana hawa wawili hawakungoja kupewa merikebu kubwa. Walichukua kimashua kidogo mno, wakakiita Tom Thumb, wakamchukua na mvulana aitwaye William Martin, wakatoka kwenda kupeleleza mito na ghuba. Mwaka 1796, katika safari yao ya pili, mawimbi yaliwarusha pwani na baruti yao yote ikalowa. Walipokuwa wakiianika juani, wenyeji wengi wakawakusanyikia. Flinders aliogopa, lakini hakuonyesha hofu. Alitoa mkasi akaanza kuwapunguza ndevu wazee, mmoja baada ya mwingine, nao wakafurahi. Hata alipomaliza kazi ya unyozi, baruti ilikuwa imekwisha kukauka, wakaondoka kwa amani.

Jambo kubwa walilolifanya pamoja lilikuwa mwaka 1798. Watu walidhani kwamba nchi ya Van Diemen's Land, ambayo leo huitwa Tasmania, imeungana na bara. Bass na Flinders walichukua merikebu ndogo iitwayo Norfolk, wakaizunguka nchi ile yote, wakarudi Sydney Januari 1799 na habari kwamba ni kisiwa. Mlango wa bahari uliopo katikati ukaitwa Bass, kwa ombi la Flinders mwenyewe. Hapo twaona tabia njema ya mtu huyu: hakumnyang'anya rafiki yake heshima. Bass naye alitoweka baharini mwaka 1803 akielekea Amerika ya Kusini, wala hakuonekana tena.

Mwaka 1799 Flinders alipanda na Norfolk kuelekea kaskazini. Safari hii alifuatana na mtu ambaye jina lake halisemwi mara nyingi, naye ni Bungaree, mwenyeji wa pande za Broken Bay, karibu na Sydney. Kila walipokaribia watu wa pwani wasiowajua, Bungaree ndiye aliyetangulia kushuka, bila silaha, akavua nguo za kizungu ili aonekane kuwa ni mtu kama wao. Mara nyingi lugha yake haikueleweka huko, kwani lugha za wenyeji wa Australia ni nyingi sana, lakini adabu na utu wake vilieleweka. Pamoja na hayo, safari hiyo haikuwa ya amani tupu. Katika Ghuba ya Moreton palitokea ugomvi, Waingereza wakapiga bunduki na wenyeji wakajeruhiwa.

Flinders alirudi Uingereza mwaka 1800, akamweleza Sir Joseph Banks, mtaalamu mashuhuri, kwamba sasa yafaa Australia yote izungukwe na kupimwa. Serikali ikakubali, ikampa merikebu ya Investigator. Tarehe 17 Aprili 1801 alimwoa Ann Chappelle, akakusudia kwenda naye. Wakubwa wake walipopata habari wakakataa. Flinders alikuwa na njia mbili: kuiacha safari au kumwacha mke. Akaichagua safari, akatweka tarehe 18 Julai 1801, miezi mitatu tu baada ya arusi. Alidhani wataonana baada ya miaka michache. Walionana baada ya miaka tisa.

Desemba 1801 aliufikia ufuko wa Australia upande wa kusini magharibi, akaanza kazi. Desturi yake ilikuwa kupita karibu sana na nchi kavu, hata aone mawimbi yakivunjika ufukoni. Jioni alirudi mbali kidogo na nchi, na alfajiri aliirudia sehemu ile ile aliyoiacha jana, ili pasiwe na pengo. Vipimo vikubwa alivichukua mwenyewe, na usiku aliandika na kuchora. Humo melini walikuwamo pia Robert Brown, mtaalamu wa mimea, na mchoraji Ferdinand Bauer, ambao kazi yao inaheshimiwa mpaka leo. Februari 1802 walipata msiba: mashua iliyokwenda kutafuta maji ilipinduka na watu wanane wakapotea, mmoja wao akiwa John Thistle, mwenzake Flinders wa siku nyingi.

Wakati huo Wafaransa nao walikuwa wametuma merikebu kupima nchi ile ile, chini ya Nicolas Baudin. Tarehe 8 Aprili 1802 Flinders na Baudin walikutana baharini upande wa kusini. Mataifa yao yalikuwa yamepigana miaka mingi, kwa hiyo Waingereza walikuwa tayari kwa mizinga. Lakini kila mmoja alikuwa na hati kutoka serikali ya mwenzake ya kumruhusu kupita salama kwa ajili ya elimu. Wakazungumza kwa adabu, wakaagana. Hati ile ya Flinders muikumbuke, maana tutairudia.

Baada ya kupumzika Sydney, alitoka tena tarehe 22 Julai 1802 kwenda kaskazini, na Bungaree pamoja naye. Walipofika katika Ghuba ya Carpentaria, merikebu ikavuja vibaya mno. Mafundi seremala waliikagua, wakaona mbao nyingi zimeoza. Walimwambia kwamba hali ya hewa ikiwa njema pengine itaishi miezi sita, lakini ikipata dhoruba itazama. Flinders aliendelea kupima muda wa miezi kadhaa juu ya mbao zilizooza. Januari 1803, mahali paitwapo Blue Mud Bay, mmoja wa mabaharia alichomwa mikuki, na wenzake wakapiga bunduki, wakamwua mwenyeji mmoja. Flinders alichukizwa na tendo hilo, lakini chuki yake haikumfufua aliyekufa. Nchi ile haikuwa tupu. Ramani iliyokuwa ikichorwa ilikuwa ya fukwe zenye wenyewe, wenye majina yao kwa kila rasi na kila mto, na wageni waliokuja baadaye wakiifuata ramani hiyo waliwanyang'anya wenyeji nchi yao.

Mwezi uliofuata walikutana na jambo la ajabu: majahazi sita ya Waislamu kutoka Makassar, chini ya mkubwa wao Pobassoo. Watu hao walikuja kila mwaka kwa pepo za msimu kuvua majongoo bahari, wakayakausha ili yauzwe Uchina, kisha pepo zilipogeuka wakarudi kwao, kama vile wanamaji wa pwani ya Afrika Mashariki walivyotegemea kaskazi na kusi. Mpishi wa Flinders alijua Kimalai, akawa mkalimani, wakaagana kwa amani. Kumbe wakati Waingereza walidhani wanagundua, wengine walikwisha kuizoea njia!

Merikebu ilipozidi kuoza, Flinders ilimbidi kuiacha kazi ya upimaji kabla ya kuimaliza. Alipita Timor, ambako watu wake wengi walishikwa na ugonjwa wa kuhara damu, na baadhi wakafa. Kisha akazunguka magharibi na kusini, akaingia Sydney tarehe 9 Juni 1803. Hivyo Flinders alikuwa ameizunguka Australia yote, na Bungaree akawa mwenyeji wa kwanza wa nchi hiyo ajulikanaye kufanya hivyo. Investigator ilikaguliwa, ikaonekana haifai tena.

Hapo ndipo mikosi ilipoanza kufuatana. Flinders alipanda merikebu ya Porpoise kama abiria ili arudi kwao kuomba chombo kingine. Tarehe 17 Agosti 1803, usiku, Porpoise na merikebu nyingine iitwayo Cato zikapanda mwamba katikati ya bahari. Watu watatu walikufa maji. Merikebu ya tatu, Bridgewater, iliendelea na safari yake bila kuwaokoa. Waliookoka wakabaki juu ya fungu la mchanga, lisilo na mti wala kisima, wakiwa na chakula na maji yaliyookolewa katika merikebu. Flinders akachukua mashua wazi na watu 13, akasafiri zaidi ya maili 700 mpaka Sydney. Tarehe 7 Oktoba alirudi na merikebu tatu kuwachukua wenzake. Neno lake alilitimiza.

Kutoka hapo alishika njia ya Uingereza katika Cumberland, chombo kidogo cha tani 29 tu. Katika Bahari ya Hindi chombo kilivuja na pampu zikaharibika. Desemba 1803 akaamua kuingia katika kisiwa cha Ile de France, ambacho leo huitwa Mauritius, kilichokuwa mikononi mwa Wafaransa. Hakujua kwamba vita kati ya Uingereza na Ufaransa vilikuwa vimeanza upya mwezi wa Mei. Alitegemea ile hati yake. Lakini hati hiyo ilitaja Investigator, wala haikutaja Cumberland. Gavana wa kisiwa, Jenerali Decaen, hakusadiki kwamba mpelelezi mashuhuri angesafiri katika kimerikebu kama kile. Tena ndani ya sanduku mlikutwa barua za serikali kutoka kwa Gavana wa Sydney zenye habari za mambo ya vita, ambazo hazikupasa kuwa mikononi mwa mtu aliyepewa hati ya elimu.

Flinders, aliyejua kwamba hakuja kwa ubaya, alikasirika mno kwa kudhaniwa kuwa mpelelezi wa vita. Kisha Decaen alimwalika mezani kwake kula chakula cha jioni. Flinders akakataa, akasema kwamba atakuja akiwa mtu huru tu. Decaen naye alikuwa mtu mwenye majivuno. Tangu saa hiyo mlango wa mazungumzo ukafungwa. Wahenga walisema kwamba muungwana akivuliwa nguo huchutama. Flinders hakuchutama, alisimama wima, na kusimama huko kukamgharimu. Mimi nimefikiri sana juu ya jambo hili. Haki ilikuwa upande wake kwa sehemu kubwa, na mtu mwenye haki huona uchungu kukaa meza moja na anayemzuia. Lakini labda katika meza ile ile Jenerali angemtazama usoni akamjua kuwa ni mtu wa kweli. Mara nyingi sisi vijana twadhani heshima ni kutokubali kuinama hata kidogo. Maisha ya Flinders yanatuonyesha kwamba hata aliye na haki aweza kuipoteza faida yake kwa neno moja la hasira.

Alizuiliwa kwanza mjini Port Louis, na tangu mwaka 1805 akaruhusiwa kukaa shambani kwa Bibi D'Arifat, baada ya kutoa neno lake kwamba hatatoroka. Neno hilo hakulivunja. Familia ile ilimtendea wema, naye akajifunza Kifaransa na kuwafundisha vijana wao hesabu. Hakulala tu akilia bahati yake. Mwaka 1804 alichora ramani ya nchi yote, akaandika juu yake jina la Australia. Aliandika pia juu ya dira, kwa maana alikuwa ametambua kwamba chuma kilichomo ndani ya merikebu hupotosha sindano ya dira, akafikiri njia ya kuirekebisha. Mpaka leo kipande cha chuma kiwekwacho karibu na dira kwa kazi hiyo huitwa kwa jina lake.

Tena aliandika maisha ya paka wake, Trim, aliyezaliwa melini, akaizunguka Australia, akaokoka mwambani, kisha akapotea katika kisiwa kile. Flinders alidhani kwamba pengine mtumwa mwenye njaa alimpika. Hapa yatupasa kusimama kidogo. Mashamba ya Ile de France yalilimwa na watumwa waliotolewa Bukini, Msumbiji na pwani ya Afrika Mashariki. Mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice alifanya mapatano na Sultani wa Kilwa ya kuuziwa watumwa 1,000 kila mwaka. Flinders aliandika barua kwa wakubwa wa Ulaya kulalamikia kuzuiliwa kwake, na wenye elimu wakamtetea. Wale waliolima kandokando yake hawakuwa na hati wala mtetezi, na utumwa haukukomeshwa huko mpaka mwaka 1835. Paka ana jina na historia yake. Mtumwa yule mwenye njaa, kama kweli alikuwapo, hana jina.

Mwaka 1806 Napoleon aliidhinisha Flinders afunguliwe, lakini amri ilichelewa kufika, na Decaen akaikalia. Alifunguliwa mwezi wa Juni 1810, akafika Uingereza Oktoba mwaka huo. Ann alikuwa bado anamngoja. Mwaka 1812 wakapata mtoto wa kike, Anne, ambaye baadaye alimzaa Flinders Petrie, mchimbuzi mashuhuri wa mambo ya kale ya Misri. Lakini nahodha alirudi akiwa mgonjwa na mwenye fedha chache. Tena Wafaransa walikuwa wamemtangulia: mwaka 1811 walitoa ramani yao ya Australia, na sehemu kubwa ya kusini wakaiita nchi ya Napoleon.

Flinders hakukata tamaa. Kwa miaka mitatu na zaidi alikaa mezani akisahihisha hesabu na ramani zake, huku ugonjwa wa kibofu na figo ukimtesa. Alitaka kitabu chake kiitwe kwa jina la Australia, lakini wakubwa wakapenda jina la zamani, Terra Australis. Kitabu kilitolewa tarehe 18 Julai 1814, siku ile ile aliyotweka miaka 13 nyuma. Kesho yake, tarehe 19 Julai, Flinders akafa, akiwa na umri wa miaka 40.

Baada ya kufa kwake, jina alilolipenda likashinda. Gavana Macquarie wa Sydney alilitumia, na mwaka 1824 wakubwa wa manowari za Uingereza wakalikubali. Ramani zake zilikuwa sahihi hata baadhi ya sehemu zikaendelea kutumiwa na mabaharia mpaka karne ya 20. Lakini kaburi lake mjini London lilipotea, pakajengwa karibu na stesheni ya reli ya Euston. Januari 2019 wachimbaji walioandaa njia mpya ya reli waliliona jeneza lake, wakalitambua kwa kibati cha risasi chenye jina lake. Tarehe 13 Julai 2024 alizikwa tena Donington, kijijini alikozaliwa. Wanamaji husema: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

Bungaree naye alifariki mwaka 1830 huko Sydney, baada ya kusafiri tena na wapimaji wengine. Basi, ndugu zangu, siku mtakapoichora tena Australia daftarini, msiharakishe. Kumbukeni kwamba mstari ule mlichora mtu aliyerudi kila alfajiri mahali alipoachia jana. Na kumbukeni wale waliotangulia kushuka pwani bila silaha, ambao majina yao hayakuandikwa kwa herufi kubwa.